Jinsi nilivyopumzika bila kuacha uchungaji

Nachunga kanisa dogo Mikindani, Mombasa. Mwaka jana nilifika mahali simu ikilia usiku, moyo unaruka. Nasoma Zaburi, sipati ladha. Ijumaa mkesha, Jumamosi mazishi Kaloleni, Jumapili ibada mbili.

Shirika la Afya Duniani, katika ICD-11, orodha yake ya magonjwa na hali za kiafya, linasema hali hii ya kuchoshwa kupita kiasi na kazi (burnout) hutokana na msongo wa kazi wa muda mrefu, wala haliiiti ugonjwa. Hilo lilinifungua macho: hapa kuna kazi ya kupunguzwa, si pepo la kukemewa.

Jumatatu ikawa siku yangu. Simu anashika mzee wa zamu. Msiba utanifikia, ugomvi wa kwaya utangoja. Kutembelea wagonjwa tuligawana na mashemasi, kama Yethro alivyomshauri Musa katika Kutoka 18. Wengine walinuna: "Mchungaji siku hizi haonekani." Mke wangu akawajibu, "Yupo, amelala." Kwani Elia chini ya mretemu hakulala, akala mkate, akalala tena?

Jioni nashuka Mama Ngina, kando ya bahari, nakula mihogo ya kuchoma kwa pilipili na ndimu. Usingizi ndio uliotangulia kurudi. Hamu ya kuhubiri ilichelewa, ikaja karibu na Pasaka.