Nyumba nilizokaa nusu saa

Mteja alinikamata Jumanne. Tulikuwa Tabata Segerea, nyumba ya vyumba viwili, kimoja masta, ipo ndani ya fensi, laki nne na nusu kwa mwezi. Akauliza nguo zinaanikwa wapi. Nikamjibu palepale: "Nyuma kule, karibu na ule mpera. Huku mbele usianike, ikifika saa nane ghorofa la jirani linatukata jua."

Akanigeukia. "Linatukata? Kwani dada, wewe unakaa hapa?"

Nikacheka, nikamwambia ni mazoea ya kazi. Uongo mtupu. Nyumba ile nilishahamia, wiki ya tatu hiyo.

Udalali nina mwaka wa sita. Nakaa Buguruni, chumba kimoja, mimi na mwanangu wa darasa la tano, pazia katikati. Choo tunachangia wapangaji saba. Silalamiki, chumba elfu hamsini kwa mwezi na mama mwenye nyumba ni mstaarabu. Ila ukishinda kutwa na funguo za watu mkobani, utaanza tu kuhamia kichwani. Mteja anakagua koki za bafuni, wewe unatafuta kitanda kitakaa upande gani.

Si kila nyumba nahamia. Kuna fleti Kijitonyama, ghorofa ya tatu, jikoni makabati mpaka darini, roshani, lifti. Nikajaribu kujiona pale jioni nimeketi na kikombe cha chai. Nikakwama kwenye kinu. Nikitwanga kisamvu, huyo wa chini si atapanda na mjumbe? Mteja hajatoka chooni, mimi nimeshahama.

Kimara nilimpeleka mama. Ilikuwa ya kuuza, ipo mlimani, upepo unaingia huku unatokea kule. Mama miguu inamsumbua, nikamwekea kiti chake cha kamba kwenye baraza. Mnunuzi hakuuliza upepo. Aliuliza kama ipo kwenye hifadhi ya barabara. Bomoabomoa ya 2017 watu hawajaisahau.

Segerea ndiyo ilinipata. Haikuwa nzuri, nisikudanganye. Rangi ya sebuleni inabanduka, sinki la chooni halivuti maji mpaka ulipigie magoti. Lakini chumba kidogo, ukutani, usawa wa kichwa cha mtu aliyeketi kitandani, palikuwa na doa la mafuta ya nywele. Duara, kubwa kama sahani ya chai. Mtu alikuwa anaegemea pale kila siku, anasoma au anachezea simu. Mwenye nyumba alitaka pakwanguliwe papakwe rangi. Nikamwambia fundi yuko safarini. Hapakuwa na fundi. Niliona tu hapo ndipo mwanangu angeegemea, na mlango angeufunga, kitu ambacho hajawahi kufanya maana hatuna mlango wa kufunga.

Nikafika mbali kuliko kawaida. Nyumba ilikaa tupu miezi mitatu, umeme umekatika, na huwezi kumuonyesha mtu nyumba kwa tochi ya simu. Nikanunua luku ya elfu tano kwa hela yangu. Nikasahau kodi ya jengo, inayokatwa humohumo kwenye luku: miezi mitatu imelimbikizwa, 1,500 kila mwezi, zikamezwa 4,500. Nikabaki na umeme wa shilingi mia tano, uniti moja na pointi. Mwenye nyumba yuko Mwanza, nilipomdai akasema tutaongea. Namba ya mita nikaihifadhi kwenye simu, maana nilijua nitainunulia tena. Simu ikauliza niipe jina gani. Nikaandika Nyumbani.

Yule dada wa Jumanne alichukua. Kodi ya miezi sita, 2,700,000, na mwezi mmoja wa dalali juu yake. Mteja aliletwa na mwenzangu wa Kimanga, kwa hiyo tukagawana nusu kwa nusu. Yangu 225,000, kodi ya Buguruni ya miezi minne na nusu. Siku ya kukabidhi nilimuonyesha kila kitu mpaka swichi ya taa ya nje inayotaka kupigwa kofi. Nikatoa ufunguo kwenye kamba, nikaondoka kwa bodaboda, sikugeuka nyuma.

Wiki iliyofuata nilikuwa na mteja mtaa uleule. Geti lilikuwa wazi. Saa tisa, mashuka kaanika mbele, kivulini, yamelowa vilevile. Nikaumia kama kanianikia ya kwangu.

Juzi ikafika zamu yangu ya luku, sisi Buguruni tunachangia mita moja. Usiku, watoto wa watu wanadurusu, nikaharakisha: elfu tano, namba ya siri, tokeni hiyo. Naingiza, mita inakataa. Mara ya pili inakataa. Jirani mwenye macho mazuri akashika simu yangu, akasoma ujumbe. "Mama Junia, hii mita si yetu. Umenunulia wapi, mbona imeandikwa Nyumbani?"

Nikamtumia yule dada wa Segerea zile tarakimu ishirini za tokeni. Akanipigia hapohapo, anashangaa, dalali gani huyu anagawa umeme. Akauliza anirudishie elfu tano au ni zawadi.

Nikamwambia arudishe. Na nguo aanike nyuma.