Tairi Lilipopasuka Nikiwa Mwendoni

Nilikuwa nikiendesha kwa mwendo wa kilomita 90 kwa saa niliposikia mlio mzito mbele kushoto, na papo hapo usukani ukaanza kunivuta upande huohuo. Mguu wangu ulikwisha kufika kwenye breki. Bahati yangu ni kwamba niliuondoa kabla haujakanyaga. Breki ikikanyagwa kwa nguvu wakati tairi moja la mbele halina upepo, uzito wa gari huhamia mbele, tairi lililopasuka huburuta kuliko mwenzake, na gari huweza kugeuka ubavu au hata kupinduka. Niliushika usukani kwa mikono miwili, nikakaza macho mbali kwenye njia yangu, kisha nikaachia mafuta polepole na kuliacha gari lipunguze mwendo lenyewe likiwa katika gia ileile. Kuizuia miguu isifanye lolote kwa sekunde hizo chache ni kazi ngumu kuliko mtu anavyodhani.

Mwendo uliposhuka niliwasha taa za tahadhari, lakini sikusimama mara moja, kwa kuwa ukingo wa barabara ulikuwa na mteremko na udongo laini. Nilisogea taratibu, rimu ikisaga lami (rimu hununuliwa nyingine), hadi nikapata mahali tambarare penye ardhi ngumu. Nikafunga breki ya mkono, nikaweka pembetatu ya tahadhari hatua zipatazo 60 nyuma ya gari.

Kosa nililifanya kwenye nati. Kwa haraka nilipandisha gari kwa jeki kwanza, na kila nilipovuta spana gurudumu lilizunguka hewani huku jeki ikiyumba, maana katika magari mengi breki ya mkono hushika magurudumu ya nyuma tu. Ilinibidi nilishushe gari, nikaweka mawe mbele na nyuma ya gurudumu la nyuma upande wa pili, nikalegeza kila nati nusu mzunguko, ndipo nikalipandisha tena. Tairi la akiba nilililaza chini ya gari, karibu na jeki, ili jeki ikiteleza gari lisishuke hadi chini. Nilipolitoa kulifunga, nililaza lile bovu mahali pake. Nati nilizikaza kwa kukingamanisha, yaani moja kisha ile inayoikabili upande wa pili, kisha nikamalizia gari likiwa chini.

Tairi hilo la akiba lilikuwa jembamba, limeandikwa lisizidi kilomita 80 kwa saa, nami nilikwenda chini ya hapo. Baada ya kilomita 50 hivi nilisimama kuzijaribu nati. Moja ilikubali robo mzunguko zaidi.