Siku moja maishani mwangu: wakili asubuhi, mwakilishi wa jimbo mchana

Ndugu zangu wa Dar wakisikia "mheshimiwa" wanawaza VX, dereva na posho. Mimi ni mmoja wa wawakilishi 400 wa jimbo la New Hampshire, Marekani, na mshahara wetu ni dola 100 kwa mwaka. Kiwango hicho kiliwekwa kwenye katiba ya jimbo mwaka 1889 na hakijapanda tangu hapo. Hela ya mafuta tunarudishiwa. Ofisi ya bunge sina, karani sina. Kinachonilisha ni uwakili.

Saa kumi na moja alfajiri nakwangua barafu kwenye kioo cha gari. Saa mbili niko mahakamani Manchester na mteja. Saa nne nimeshafika Concord, mji mkuu wa jimbo lilipo bunge letu, mwendo wa kilomita 30 hivi.

Hapa kila muswada lazima usikilizwe hadharani na upigiwe kura na Baraza zima la Wawakilishi, hata ule ambao kila mtu anajua utaanguka. Mwananchi yeyote anajaza kadi ya waridi, anaitwa, anasema. Hakuna kitu ninachokipenda zaidi katika kazi hii, na leo kimenitoa jasho.

Muswada wetu unaongeza siku za notisi ya kuhama kwa mpangaji anayedaiwa kodi. Sasa ni 7. Ulipangiwa saa saba mchana, ya asubuhi yakavuta, tukaanza saa tisa. Akaja mzee mwenye nyumba na furushi la risiti, akazisoma moja moja: bomba lililopasuka, rangi, fundi wa paa, kodi ya jengo. Mwenyekiti akamwomba afupishe. "Nafika huko," akasema, akafungua risiti nyingine. Njaa inaniuma, mgongo unawaka, simu ya wateja inatetemeka mfukoni. Sikuishika. Mtu aliyeacha shughuli zake kuja kusema na serikali yake hastahili kuona utosi wa mwakilishi wake.

Nyuma yake alikuwepo mama mmoja wa Kikongo, sare ya kazi chini ya koti, kadi mkononi tangu kabla ya adhuhuri. Zamu yake inaanza jioni. Nikampelekea mwenyekiti kikaratasi, mzee alipomaliza akaitwa yeye.

Maneno yake yalikuwa machache. Notisi ilibandikwa mlangoni Jumatatu. Mshahara wake ulikuwa uingie Ijumaa ya wiki iliyofuata. Sheria inamruhusu mpangaji kulipa deni lote na dola 15 juu yake kabla notisi haijaisha, akabaki kwake. Nia ya kulipa alikuwa nayo, siku ndizo zilimpungukia. Kesi ikafunguliwa, gharama za mahakama zikapanda juu ya deni. Yule mzee hakuondoka. Alisikiliza mpaka mwisho, risiti mapajani.

Kwenye korido mama akanishika mkono. "Papa, sasa imepita?"

"Bado, mama. Kamati itapiga kura siku nyingine, halafu Baraza, halafu Seneti, halafu gavana."

"Mbona safari ndefu hivyo?"

Sikuwa na jibu fupi, na basi lake lilikuwa linakuja. Nikamwahidi nitampigia siku ya kura ya kamati, nikaandika namba yake pembeni mwa nakala yangu ya muswada.

Sijui ilikuwa saa ngapi nilipofika nyumbani. Nimekula wali wa jana nimesimama, nikafungua faili la mteja wa kesho. Hoja zake zinatakiwa mahakamani saa mbili, na bado sijaandika ukurasa wa pili.