Mkasi wa Lotte Reiniger

Baridi ya Berlin mwaka 2014, dada mmoja wa Mombasa niliyekuwa nikisoma naye alinivuta hadi sinema ya Babylon. "Twende kaka, kuna filamu bubu, na ndani kuna joto." Nilifuata lile joto.

Jengo ni la 1929. Aliyelichora, Hans Poelzig, ndiye pia aliyebuni ile mitaa iliyopindapinda ya Der Golem, filamu ya 1920. Usiku huo walionyesha Die Abenteuer des Prinzen Achmed, yaani Visa vya Mwana wa Mfalme Achmed, filamu ya vivuli ya Mjerumani Lotte Reiniger, iliyozinduliwa 1926 hapo jirani tu, ukumbi wa Volksbühne. Mama mmoja alisimama mbele akatuambia kwamba negativu yake ya asili, ule mkanda uliopita kwenye kamera, haipo tena. Kilichobaki ni nakala ya zamani iliyonusurika, na filamu za enzi zile hushika moto upesi kama petroli. Taa zikazimwa, kinanda kikaanza.

Mimi ni mtoto wa fundi cherehani wa Tanga. Hadithi yenyewe haikunishughulisha, maana ni Alfu Lela U Lela, mambo ya farasi arukaye na binti aliyefichiwa vazi lake la manyoya. Niliangalia mikato. Wote mle ni vivuli. Lotte Reiniger alikata kila umbo kwa mkasi, akaunga viungo kwa waya, akalilaza juu ya kioo chenye taa chini yake, kamera ikiwa juu. Anasogeza kidogo, anapiga picha. Anasogeza tena. Miaka mitatu, yeye na wenzake wachache, juu ya gereji kule Potsdam! Vidole vya Pari Banu, yule binti wa vazi, vilikuwa vyembamba kama nyuzi, na mkasi ukiteleza pale hakuna cha kutia kiraka.

Mbaya wa hadithi aliitwa "mchawi wa Kiafrika". Dada akanikanyaga mguu gizani. Nilikereka, sikatai, ila katika wote yule ndiye aliyekatwa vizuri kupita kiasi, kucha kwa kucha.

Asubuhi nilimpigia baba. Baada ya shikamoo nikamsimulia yote. Hakuuliza habari za Wajerumani wala za mchawi.

"Alichora kwanza kwa chaki, au alikata kwa jicho?"

"Wanasema kwa jicho, baba."

Kimya. Nikasikia cherehani ikisimama.

"Mkasi wenyewe wa namna gani?"