Siku moja na "draw": mezani kwa mtafsiri, Tanga

Ofisi ni chumba kimoja Ngamiani. Asubuhi tafsiri, jioni darasa la Kiingereza. Kuna siku kazi zote zinaangukia neno moja, na leo ni zamu ya "draw", kwa asili kuvuta, na jamaa zake.

Saa 1:30 asubuhi. Kipeperushi cha benki. "Withdraw" hapa ni kutoa fedha, haina ugomvi, hata wakala wa simu anauliza, "Unaweka au unatoa?" Kasheshe iko kwenye hundi. "Drawer" ni aliyeandika hundi, "drawee" ni benki inayoagizwa kulipa, "payee" ni mlipwa. Hundi ikikosa fedha hurudi na muhuri "Refer to drawer", yaani rudi kwa aliyeiandika. Asiyejua atampeleka mteja akapekue mtoto wa meza, maana nao unaandikwa "drawer" vilevile. Mdomoni yanaachana: la meza ni silabi moja, ndimo ilimotoka droo yetu, la hundi ni mbili, "dro-a".

Saa 3. Fomu ya ridhaa ya utafiti wa afya. Hii ndiyo kazi ngumu ya siku. Sentensi inasema "We will draw 5 ml of blood". Andika "tutakuvuta damu" na umeshamwita mumiani. Pwani hii hatasaini mtu. "Utatoa damu" nayo inasikika kama kuchangia chupa nzima. Inayokaa vizuri ni hii: "Tutakuchukua damu mililita 5, sawa na kijiko kimoja cha chai." Kijiko kinasaidia kuliko mililita.

Mstari wa pili: "You may withdraw at any time." Ni "unaweza kujitoa wakati wowote". Vidole vikiteleza vikaongeza silabi moja, inakuwa "kujitolea", na mtu aliyeambiwa ana ruhusa ya kuacha sasa anaalikwa kuendelea bure. Programu ya kusahihisha tahajia haitalikamata kosa hilo, kwa sababu yote mawili ni maneno sahihi. Soma kwa sauti, silabi kwa silabi.

Kipo na kipeperushi cha dawa za kulevya chenye "withdrawal symptoms". Kamusi inaleta maelezo marefu, lakini vijana wenyewe wanasema arosto. Tunaandika "maumivu ya kukosa dawa, yaani arosto", mara ya kwanza tu. Baada ya hapo arosto inatosha.

Saa 5. Barua ya wakili. Hapa ukitaka neno moja la "withdraw" umepotea. Tazama kwanza kinachoondolewa ni nini. Shauri linaondolewa mahakamani, kauli inafutwa, mgombea anajitoa, askari wanaondolewa walipowekwa. Hiyo "with" ya mwanzoni si "pamoja na". Ni maana ya zamani ya Kiingereza, "dhidi ya" au "mbali na", ile ile iliyobaki katika "withhold" na "withstand".

Saa 6. Habari fupi ya michezo. Timu zikitoka 0-0 ni suluhu, 1-1 ni sare, na kupanga nani akutane na nani ni droo. Kiingereza kinaita zote "draw". Dakika 20, imekwisha.

Saa 8 mchana. Karatasi za bandari. "Draught", inayotamkwa "drafti", ni kipimo cha meli kutoka usawa wa maji mpaka chini ya mkuku, ule uti wa chini kabisa wa meli. Wengi huandika "kina cha kuzama", na msomaji anadhani kuna ajali. Ukiandika "kina" peke yake unachanganya na kina cha maji: meli yenye "draught" ya mita 9 kwenye maji ya mita 13 imebakiwa na mita 4 chini ya mkuku. Sisi huandika "sehemu ya meli iliyo ndani ya maji". Ndefu, ila haizamishi mtu.

Saa 11 jioni. Darasa, kidato cha nne. Ubaoni "tract", kutoka Kilatini "trahere", kuvuta. "Tractor" inavuta jembe. "Attract" ni kuvutia, na hapo Kiswahili kimepita njia ile ile. "Distract" ni kuvutwa mbali na ulichokuwa unafanya. "Contract" ni kuvuta pamoja, ndiyo maana ni mkataba na pia ni msuli kujikaza. "Extract" inategemea kitu: jino linang'olewa, lakini singa za mkonge hazivutwi. Jani linapita kwenye korona, ile mashine ya kuchakata mkonge, nyama inakwanguliwa, singa zinabaki. Mtoto wa Tanga akiandika "kuvuta singa" tunamrudisha shambani.

Makosa ya leo kwenye madaftari ni yale yale: "drawed" badala ya "drew", "withdrawed" badala ya "withdrew", na "withdrawl" iliyokosa "a" ya pili.

Saa 3 usiku. Kabla ya kutuma, kompyuta inatafuta "vuta" katika mafaili yote. Leo imetokea mara moja, kwenye mwongozo wa wodi: "Draw the curtain before examining the patient", nasi tumeandika "vuta pazia". Kwa Kiingereza hiyo inaweza kuwa kufungua au kufunga, na kwa Kiswahili pia. Mgonjwa anavuliwa nguo hapo. Tumebadilisha: "funga pazia".