Siku maharage yalipogoma

Sufuria yangu ya mchuzi wa nyama ilikuwa na jina. Wageni wakija nyumbani kwa dada zangu, mimi ndiye niliyepigiwa simu nikaingie jikoni, nami nilikuwa najivuta kidogo ili nibembelezwe. Kwa hiyo dada yangu mkubwa aliponiambia kwamba bintiye atakuja kukaa kwangu wiki tatu za likizo, na kwamba mtoto huyo "hali nyama, mwaka wa pili huu, hata samaki hali," sikushtuka. Dada alilisema jambo hilo kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa ya ugonjwa. Nikamtuliza. "Nitatoa tu nyama kwenye mchuzi," nikamwambia.

Na kweli ndivyo nilivyofanya, siku nne mfululizo. Mchuzi ulikuwa uleule: kitunguu dakika mbili tatu kwenye mafuta, nyanya, maji, chumvi, kisha viungo vinamwagwa juu maji yakishachemka. Mahali pa nyama niliweka karoti na viazi, kesho yake kabichi, keshokutwa biringanya. Kila siku ulitoka mwekundu, mzuri wa macho, na ukiuonja ni maji ya moto yenye chumvi. Sikuwahi kujua kwamba katika mchuzi ule kazi yote ilikuwa inafanywa na nyama: mafuta yake, mifupa yake, yale mabaki ya kahawia yanayogandia chini ya sufuria. Mimi nilikuwa msimamizi tu. Mfanyakazi alipoondolewa, akabaki msimamizi amesimama na mwiko mkononi.

Mpwa wangu alikuwa na miaka 16 na adabu ya kutosha watu wawili. Alikuwa anakula nusu sahani, anasema, "Asante mjomba, nimeshiba," anaosha vyombo. Usiku wa tatu nilitoka chumbani kufuata maji nikamkuta jikoni, taa imezimwa, anakula mkate na siagi ya karanga huku amesimama.

"Njaa ya usiku tu, mjomba."

Nikajifanya nimeamini.

Jumamosi nilikuwa nimealika wenzangu watatu wa kazini waje kula mchana, saa saba. Nikaona hapa ndipo pa kusawazisha mambo. Nitapika maharage mekundu, mengi, chungu kizima, yaliyoungwa vizuri, wale wote chakula kimoja na binti asijione mgeni wa mezani. Niliyaloweka tangu Ijumaa usiku. Hilo la kuloweka nilikuwa nalijua, na naomba liandikwe kwenye faili langu, maana ndilo jambo pekee nililolifanya sawasawa siku ile.

Saa moja asubuhi yalikuwa jikoni, moto mdogo, ili yaive taratibu kwa heshima. Binti akapita kuchukua chai, akafunua mfuniko, akaangalia yale maji yaliyotulia kama ya kuogea, akakoleza moto bila kuniuliza.

"Mjomba, mekundu haya lazima yatokote kwanza. Dakika kumi angalau, yaruke kabisa. Yana sumu yake, inaitwa lektini, na moto wa kubembeleza hauiondoi."

Nikacheka. Miaka yote hii nakula maharage, leo ndiyo yamekuwa na sumu? Lakini niliuacha moto ulivyo. Baadaye nilikuja kuthibitisha mwenyewe kwamba alikuwa sahihi: maharage mekundu yasiyochemka sawasawa humtapisha mtu ndani ya saa chache, hata kama amekula machache.

Alipotoka, nikafanya langu. Nikakata nyanya sita, nikatia. Nikakamua limau zima, nikatia. Hoja yangu ilikuwa kwamba limau hulainisha nyama, jambo ambalo kila mpishi wa nyama analijua, basi litashindwaje na harage?

Saa tano nikachota moja, nikauma. Ganda lilikuwa gumu, na ndani kulikuwa kama chaki. Nikaongeza maji. Saa tano na nusu, vilevile. Nikaongeza limau la pili. Saa sita kasoro nilikuwa nimeinamia chungu kile natafuna harage baada ya harage, nikitumaini kwamba nimekutana na wakorofi wachache tu na wengine wote wameshaiva. Yaligoma yote. Masaa matano jikoni na yanagongana na mwiko kama kokoto.

Binti akaja akasimama mlangoni. Hakuuliza kuna nini. Aliuliza kama daktari:

"Nyanya uliweka saa ngapi?"

"Asubuhi."

"Na limau?"

Nikanyamaza. Akazima moto.

Maelezo aliyonipa yalikuwa mafupi, kwa kuwa saa ilikuwa inakwenda. Kitu chenye uchachu huikaza ile gundi inayoshikilia ganda na nyama ya harage, kwa hiyo ukitia nyanya au limau kabla maharage hayajaiva, umeyafunga kufuli. Uchachu unatakiwa uje mwisho. Limau lililonisaidia kwenye nyama maisha yangu yote lilikuwa limenisaliti kwenye maharage, na mimi ndiye niliyeliongezea nguvu mara mbili.

"Una adesi?" akauliza. Wengine huziita kamande. Nilikuwa na mfuko wa adesi nyekundu zilizokobolewa, nilizozinunua zamani kwa sababu nisiyoikumbuka. Hizo hazilowekwi, na zinaiva kwa dakika kama 20. Akazichambua, akaziosha mara tatu mpaka maji yakawa meupe, akazibandika na manjano kidogo, akawa anaengua povu. Kisha akaniomba vitunguu vinne, na hapo ndipo niliposomeshwa.

Alivikata vyembamba, akavitia kwenye mafuta na chumvi kidogo palepale. Chumvi, alisema, inavuta maji yatoke mapema. Dakika ya tatu, vitunguu vikiwa vimelainika na kuwa kama kioo, mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye bakuli la nyanya. Ni mazoea, kama mtu anayekanyaga breki.

"Bado, mjomba."

Sikiliza, akaniambia. Nikasikiliza. Kitunguu chenye maji kinalia sauti nene, ya mvua kwenye bati. Kikikauka sauti inakuwa nyembamba, ya kudonoadonoa. Tukasubiri sauti ibadilike. Dakika ya nane, kingo zikaanza kuwa za njano. Nikashika nyanya. "Bado." Dakika ya kumi na mbili, chini ya sufuria kukaanza kugandia utando wa kahawia. Mimi nikaona tunaunguza, nikataka kumwaga maji ya kutosha kuzima nyumba. Yeye akachukua vijiko viwili tu vya maji, akanyunyizia, akakwangua kwa mwiko, ule utando ukayeyuka ukarudi kwenye vitunguu na vyote vikageuka rangi kwa pamoja. Akarudia mara tatu. Harufu iliyopanda pale niliifahamu. Ilikuwa harufu ya mchuzi wangu wa nyama, ile ya mwanzoni kabisa, ambayo siku zote nilidhani ni ya nyama peke yake.

Kisha nyanya ya kopo, vijiko viwili, haikutiwa maji. Ilikaangwa hivyohivyo katikati ya vitunguu mpaka wekundu ule mkali ukazama ukawa rangi ya tofali na mafuta yakaanza kujitenga pembeni. "Sasa je?" nikauliza. "Sasa," akasema, na nilifurahi kama niliyefaulu mtihani.

Uyoga alinipa mimi. Kikaango kikavu, hakuna mafuta, moto mkali. Nikajaza kikaango mpaka juu kwa kuwa muda ulikuwa umebana. Akaja akatoa nusu nzima. Uyoga karibu wote ni maji, ukiurundika unajichemsha kwa maji yake na kuwa kama sponji. Ukiupa nafasi unatoa maji, yanakauka, ndipo unapoanza kuwa wa kahawia. Mafuta na kitunguu saumu vikaja baada ya hapo. Kijiko kimoja cha mchuzi wa soya kikamalizia, kikatoa mvuke wenye harufu ambayo ilinifanya nimeze mate mbele ya mtoto.

Saa saba kasoro dakika tano adesi zilikuwa zimevurugika zenyewe kuwa uji mzito. Akaziunganisha na vitunguu. Akaonja, akatikisa kichwa, akaongeza chumvi. Halafu, kwenye kikaango kidogo, mafuta, bizari nyembamba nzima, na vipande vya kitunguu saumu. Mimi viungo vyangu nilikuwa navimwaga kwenye maji. Yeye alivitia kwenye mafuta ya moto, akasubiri bizari ianze kurukaruka na kitunguu saumu kichukue rangi ya asali, kisha akamwaga vyote kwa mkupuo juu ya adesi. *Chwaaa!* Harufu nyingi za viungo huyeyuka kwenye mafuta kuliko kwenye maji, na siku ile sikuhitaji kitabu cha kunithibitishia, kwa sababu mlango uligongwa wakati huohuo na sauti ya kwanza niliyoisikia ilikuwa, "Leo humu ndani kuna nini?"

Limau, nusu tu, lilikamuliwa mezani.

Sitadanganya kwamba wenzangu waliapa kuacha nyama. Mmoja, ambaye ni mpiga kelele kuliko wote, alizamisha upawa mara mbili tatu kama mtu anayetafuta ndoo iliyozama kisimani, kisha akakubali yaishe. Akala sahani mbili na kusema ni nzuri sana, na kwamba jioni atatafuta nyama. Wa pili hakusema kitu, ila alimalizia wali wake kwa kuusugua ndani ya sufuria mpaka ikawa haina haja ya kuoshwa. Wa tatu ndiye aliyeniweka pabaya.

"Fundi ni fundi," akasema akinipiga bega. "Hata bila nyama, mkono ni uleule."

Nilinyamaza kwa muda wa vijiko viwili, labda vitatu. Binti alikuwa anaangalia sahani yake, amebana midomo asicheke. Sahani ilikuwa tupu. Ndiyo kwanza niione tupu tangu afike.

"Kapika huyu," nikasema. "Mimi nimekaanga uyoga. Na kuna chungu cha kokoto kule nyuma, hicho ni changu."

Jioni wageni wakiwa wameondoka nilimuuliza amejifunzia wapi. Akaniambia mwaka wa kwanza alipoacha nyama alikuwa anakula chipsi na mkate tu, mpaka akawa anasinzia darasani na mama yake akampeleka kupimwa. Ndipo alipoanza kumeza vidonge vya vitamini B12, ambayo mimea haina, na kujifunza kwamba limau kwenye adesi halikuwekwa kwa ladha tu, linausaidia mwili kuchukua madini ya chuma. Upishi wenyewe aliuokoteza huku na kule, kwa kuunguza. Dada yangu hakuwa amenisimulia lolote kati ya hayo. Nikamkumbuka mtoto huyu amesimama gizani na kipande cha mkate, nikaona aibu.

Usiku huo nilikaa na simu nikisoma, kitu ambacho sikuwahi kukifanya kwa ajili ya kitunguu. Nikakutana na mkemia wa Kijapani, Kikunae Ikeda, ambaye mwaka 1908 alitoa kwenye mwani wa kombu kile kinachofanya supu iwe na utamu wa supu. Kilikuwa glutamati, na ladha yake akaipa jina la umami. Imo kwa wingi kwenye nyanya iliyoiva, kwenye uyoga uliokaushwa, kwenye mchuzi wa soya. Na ule ukahawia wa chini ya sufuria ulishaelezwa mwaka 1912 na Mfaransa, Louis-Camille Maillard. Zaidi ya miaka mia watu wanajua, na mimi ninajivuta nibembelezwe kuingia jikoni.

Jumapili asubuhi binti alikuwa bado amelala. Chungu changu kilikuwa palepale, maharage yameloa katika uchachu wao. Alikuwa amenidokeza kabla ya kulala kwamba yanaweza kuokolewa: magadi kidogo, ncha ya kijiko, yaue uchachu, kisha yachemshwe tena. Nikabandika. Nikatia ncha ya kijiko. Nikasubiri dakika tano nzima, nikauma moja. Gumu. Nikatia kijiko kizima. Hapakuwa na mtu wa kuniambia "bado". Nikatia na cha pili.

Yaliiva, hilo siwezi kulikana. Kwa nusu saa yaliiva kuliko maharage yoyote niliyowahi kuyaona, yakageuka uji wa rangi ya udongo. Nilimpakulia bakuli alipoamka, nikasimama pembeni nikimwangalia kama alivyoniangalia mimi jana yake. Akaonja. Akaweka kijiko chini polepole.

"Mjomba," akasema, "hii sasa ni sabuni."

Tukala mkate na siagi ya karanga, wote wawili, tukiwa tumesimama.