Picha ya 14 imepata mwaka wake

Jumamosi usiku nimemaliza kuskani boksi la kwanza. Ni picha 31, nilizozinunua hapa Phoenix, Arizona, kwa mtu aliyekuwa akiuza vitu vya zamani nje ya nyumba yake. Kwa mlioanza kufuatilia sasa: natafuta picha zinazoonyesha jinsi watu wa mji huu wa jangwani walivyopooza nyumba zao kabla viyoyozi vya leo havijaenea. Mchana mimi ni fundi wa viyoyozi. Nimepanda mapaa mengi ya mji huu mwezi wa Julai, joto likipita nyuzi 40, na swali la waliotutangulia waliishije haliniachi.

Picha sita za mwanzo ni za baraza. Nyumba za miaka ya 1920 hapa zilikuwa na baraza ya kulalia, imezungushiwa wavu wa kuzuia wadudu, na kiangazi familia nzima ilihamishia vitanda huko. Watu walilowesha shuka wakazitundika ili upepo upite katikati yake. Miguu ya vitanda waliitia ndani ya makopo yenye maji, sisimizi wasipande. Katika picha ya 4 makopo hayo yanaonekana kabisa ukiikuza. Nilikaa nayo karibu saa nzima.

Sasa picha ya 14. Nyumba ndogo, gari mbele, na kwenye dirisha la ubavuni kuna sanduku la mbao lililochomoza nje kama banda la njiwa. Nilikuwa nimeiandika "miaka ya 1940 hivi". Nilipoiskani upya kwa ubora wa juu, kibao cha namba cha gari kikasomeka: 1539, Marcos de Niza, 1939. Arizona ilitoa kibao hicho mwaka ule kukumbuka miaka 400 tangu padri huyo apite huku. Nilishangilia peke yangu jikoni. Mwaka huohuo wa 1939 ndugu wawili, Adam na Gust Goettl, walianzisha biashara yao ya vipozeo hapa Phoenix. Lakini sanduku la picha yangu, ambalo nalo ni kipozeo, halikutoka kiwandani. Misumari yake imepigwa kwa mkono wa mwenye nyumba.

Ili nilielewe, nimetengeneza la kwangu mfano wake. Fremu ya mbao, wavu wa banda la kuku pande tatu, katikati ya nyavu nimejaza maranda membamba ya mti wa aspeni, juu bomba lenye matundu linalodondosha maji, na upande wa chumbani feni. Feni huvuta hewa kavu ya nje kupitia maranda yaliyolowa. Maji yakigeuka mvuke huchukua joto la hewa. Jaribio la kwanza lilikuwa baya kwa sababu nilishindilia maranda mno, hewa haikupita. Nikayalegeza. Alasiri nje ilikuwa nyuzi 39, mbele ya feni nikapima 25.

Nilimpigia mama Tanga, nikamwamkia, nikamweleza sanduku lote kwa maneno. Akasikiliza mpaka mwisho. "Huo ni mtungi, mwanangu," akasema, "wameutia feni tu." Na ni kweli tupu. Mtungi wake ulikaa pembeni juu ya mchanga, ukitoka jasho, na maji yake yalikuwa ya baridi kwa sababu hiyohiyo. Ila sanduku hili lingeshindwa Tanga, maana hewa ya pwani tayari imeshiba unyevu. Hata hapa hulegea Julai na Agosti mvua za kiangazi zinapokaribia: chumba hubaki na joto, shuka zinanata.

Ndiyo sababu mashine za kugandamiza gesi, yaani viyoyozi vya leo, zilipata nafasi. Hoteli ya San Carlos, iliyofunguliwa 1928 katikati ya mji, ilijulikana kwa hewa yake ya kupozwa, lakini mtu wa kawaida angelipa kwa fedha gani? Nyumba nyingi zilingoja mpaka baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 1950 Phoenix ilikuwa na watu 106,818, na 1960 walikuwa 439,170, ingawa sehemu ya ongezeko hilo ni vitongoji vilivyoingizwa ndani ya mipaka ya mji. Husemwa sana kuwa kiyoyozi ndicho kilichoujenga mji huu. Picha zangu zinanifanya nilivute sanduku la maranda mbele kidogo. Lilifika mapema, kwenye nyumba za watu wa mshahara mdogo, na baraza zikaanza kuzibwa kuwa vyumba. Picha ya 22 ni baraza ya namna hiyo: wavu umetolewa, ukuta umejengwa nusu, na sanduku tayari liko dirishani.

Boksi la pili nimelifungua jana. Juu kabisa kuna picha ya mtaa mzima, na masanduku yote yamehama madirishani yakapanda juu ya paa. Kuna gari moja, limeegeshwa ubavu. Natafuta picha nyingine ya mtaa huohuo.